Adresi iko wazi, ao mashine imelala tu? Namna ya kutafuta adresi zisizotumiwa ndani ya rezo

Ndani ya rezo moja, mashine mbili haziwezi kubeba adresi moja. Hiyo ikitokea zinaanza kunyang'anyana: mara ujumbe unafika kwa hii, mara kwa ile. Kwa radio inayotuma sauti toka studio mpaka mtambo wa kurushia kwa njia ya rezo, mashine mpya ya kuchapa karatasi iliyopewa adresi ya mashine ya antena inaweza kukata matangazo katikati ya habari. Fundi anapanda mnara na kukagua nyaya, kumbe nyaya hazina kosa lolote. Ndiyo maana mwenye kuchunga rezo anapaswa kujua ni adresi gani hazina mwenyewe, mbele ya kuongeza mashine.

Adresi ni ngapi?

Adresi ya aina ya IPv4 ni namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Tangu mwaka 1996, kanuni inayoitwa RFC 1918 imetenga mafungu matatu kwa ajili ya rezo za ndani: linaloanza na 10, lile la 172.16 mpaka 172.31, na lile la 192.168. Hizo hazilipiwi. Nyumba, shule, hospitali ao radio yoyote inaweza kuzitumia. Ndiyo sababu 192.168.1.1 inaweza kuwa Bukavu na Lubumbashi kwa wakati mmoja bila shida: kila moja inabaki ndani ya rezo yake.

Rezo ndogo ya kawaida, kama ile ya 192.168.1, iko na namba 256. Namba 0 ni ya rezo yenyewe, na 255 ni ya kuita mashine zote pamoja. Kwa hiyo zinabaki 254 za kugawa.

Kubisha hodi mlango kwa mlango

Amri ya ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, inatuma ujumbe mdogo kwa adresi moja na kungojea jibu. Kubisha hodi milango 254 kwa mkono kunachosha, na mtu anaruka namba bila kujua. Skripti, ni kusema amri chache zilizoandikwa ndani ya faili moja, inafanya ile kazi yenyewe. Kwenye mashine ya Linux iliyo ndani ya rezo ileile, faili tafuta.sh inaweza kuandikwa hivi:

for n in $(seq 1 254); do
  a=192.168.1.$n
  ping -c 1 -W 1 $a > /dev/null 2>&1 && continue
  ip neigh show $a | grep -q lladdr || echo $a
done

Mstari wa kwanza unahesabu toka 1 mpaka 254. Wa pili unatengeneza adresi. Wa tatu unabisha hodi mara moja na kungoja sekunde moja; jibu likipatikana, skripti inaruka kwenda adresi inayofuata. Hata kama zote zinanyamaza, kazi inaisha kwa dakika kama nne na nusu.

Mstari wa nne ni wa lazima, juu mashine nyingi za Windows hazijibu ping: ukuta wao wa kinga unaizuia. Lakini kuna swali lingine ambalo mashine za rezo moja zinaulizana mbele ya kuongea: "Nani iko na adresi hii?" Hiyo ni ARP, kanuni ya mwaka 1982. Mashine iliyonyamaza kwa ping kwa kawaida inajibu ARP, bila hiyo haiwezi kuwasiliana na wenzake. Skripti inaandika adresi pale tu maswali yote mawili yamekosa jibu.

Kunyamaza si kutokuwepo

Mashine iliyozimwa haijibu swali lolote. Kule umeme unakatika kila siku, orodha iliyofanywa wakati kuko giza itaonyesha adresi nyingi "wazi", kumbe wenyewe wanangoja umeme urudi. Simu iliyotoka na mwenyewe nayo ni vilevile. Kwa hiyo skripti ipigwe mara nyingi, kwa saa na siku mbalimbali, umeme ukiwepo, na kila mara jibu liwekwe ndani ya faili yake:

sh tafuta.sh > zamu1.txt

Kisha zamu zote zinahesabiwa pamoja:

sort zamu*.txt | uniq -c

Kama kumefanywa zamu sita, adresi yenye hesabu ya 6 haikujibu hata mara moja. Yenye 4 iko na mwenyewe, hata kama sasa hivi hayupo.

Bado kuna jambo moja la kuangalia. Rutere nyingi zinagawa adresi zenyewe, kwa njia ya DHCP. Adresi iliyo wazi asubuhi inaweza kupewa simu ya mgeni mchana. Adresi ya kudumu ichaguliwe nje ya lile fungu la rutere. Kwa mfano, kama rutere inagawa toka 100 mpaka 200, mashine ya antena na ile ya kuchapa zikae chini ya 100.

Daftari

Skripti inaonyesha tu nani amejibu leo. Haijui mashine iliyopelekwa kwa fundi, wala ile iliyofungiwa ndani ya kabati. Hayo yanaandikwa ndani ya daftari: adresi, mashine, chumba, tarehe, na aliyeiweka. Daftari na orodha zikipatana, adresi inaweza kutolewa. Zikipingana, mtu aende kwanza kuona kwa macho.

Na kazi hii inafanywa tu ndani ya rezo ambayo mtu amepewa kuichunga. Kubisha hodi kwenye rezo ya wengine bila ruhusa kunaweza kuonekana kama kutafuta njia ya kuingia.