Mji Huhama, Shamba Hubaki: Habari za Mohoro, Utete na Chumbi

Watu wengi hudhani ya kuwa historia ni habari za miji mikubwa tu, kama Kilwa, Unguja na Bagamoyo. Lakini mji mdogo ulio kando ya mto nao una historia yake, na pengine hiyo hutufundisha zaidi, kwa kuwa ni habari za wakulima, mashamba yao na maji yao. Leo twataka kueleza habari za miji mitatu midogo ya Rufiji, nayo ni Mohoro, Utete na Chumbi, tupate kuona kwa nini katika bonde lile mji huhama, na shamba hubaki pale pale.

Kwanza tuutazame mto wenyewe. Rufiji ni mto mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Huanza pale ikutanapo Kilombero na Luwegu, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu, hupita katika korongo jembamba, ndipo hutokea katika bonde pana lililo tambarare. Ukaribiapo bahari hugawanyika mikono mingi, na kuingia Bahari ya Hindi kuelekea kisiwa cha Mafia kwa midomo kadha wa kadha, kama Simba-Uranga na Kikunya. Hapo pana msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki.

Wakati wa masika, hasa mwezi wa Aprili, mto hujaa ukapita kingo zake na kulifunika bonde. Mgeni aonapo hivyo husema, Hii ni balaa. Mrufiji hasemi hivyo upesi. Yeye hupanda mpunga mvua zianzapo, mwezi wa Desemba au Januari, ili uwe umekwisha kukua maji yatakapofika. Maji yakija taratibu, mpunga husimama juu yake na kustawi. Yakija mapema au kwa nguvu, mpunga hufa. Hata hivyo mkulima hakati tamaa, kwa sababu maji yakiisha kupungua huacha tope jipya lenye rutuba na unyevu, naye hupanda humo mahindi, kunde na maboga. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Tena gharika ndiyo iletayo maji mapya na samaki katika maziwa ya bondeni, kama Ruwe na Utunge. Basi mwaka usio na gharika kabisa huweza kuleta njaa kama mwaka wa gharika kuu.

Kwa ajili hiyo watu wa bondeni walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Katika dungu mtu hulala maji yakipita chini, na kutoka huko hulinda shamba lake na ndege, nguruwe na viboko. Elimu hii haikuandikwa katika kitabu. Baba alimfundisha mwana.

Biashara nayo ni ya kale sana mahali hapa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba karibu na Kibiti na kupata shanga zilizotoka nchi za Warumi. Yeye ni mmoja wa wataalamu wanaoona ya kuwa Rhapta, soko la pwani lililotajwa na Wayunani kiasi cha miaka 1,900 iliyopita, lilikuwa upande huu wa Rufiji. Baadaye kwa karne nyingi majahazi yalichukua boriti za mikoko kutoka delta hata Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kujengea nyumba za nchi zisizo na miti. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliufanya msitu huo kuwa hifadhi ya Serikali mwaka 1898.

Wajerumani hao waliweka boma la wilaya Mohoro, kusini ya delta. Hivyo mji mdogo ukawa mahali pa amri, kodi na hukumu. Amri iliyowachukiza watu kuliko zote ilikuwa ya pamba. Watu walilazimishwa kuilima katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, wakaacha mashamba yao ya chakula wakati ule ule yalipohitaji mikono, na malipo yalikuwa haba. Ndipo huko Ngarambe, katika nchi hii hii ya Rufiji, akatokea Kinjikitile Ngwale, akawapa watu dawa ya maji na kuwaambia ya kuwa risasi za Wazungu zitageuka maji. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita havikufa pamoja naye. Vilienea kusini yote ya nchi hata mwaka 1907, na watu wengi mno waliangamia, zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi, kwa kuwa vyakula viliteketezwa.

Baada ya muda makao ya wilaya yalihamishwa yakapelekwa Utete, juu zaidi mtoni. Mohoro ikabaki mji mdogo wa wakulima na wavuvi. Huo ndio mfano wa kwanza wa mji kuhama: amri ilikwenda, mashamba yakabaki.

Vita vya pili vilivyoufikia mto huu havikuwa vya wenyeji hata kidogo. Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya delta. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaufunga mto. Lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupita katika maji machache. Iliwapasa kuleta manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege za kuonyesha shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa. Mizinga yake 10 iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam, watu wakiivuta, nayo ikatumika katika vita vya bara. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Mombasa. Majina ya makapteni yameandikwa vitabuni. Majina ya wale walioivuta hayakuandikwa.

Sasa tufike kwenye kuhama kulikowagusa watu wote. Mwaka 1968 palikuwa na gharika kuu. Serikali ya Tanzania huru iliwahamisha watu wa bondeni, ikawaweka katika vijiji vipya kwenye ardhi ya juu, kama Ikwiriri na Umwe. Nia ilikuwa njema: watu waokoke na maji, tena wapate shule, zahanati na maji safi. Nayo mambo hayo yalipatikana. Lakini ardhi ya juu ni ya mchanga, wala haina tope la mto. Basi msimu ulipofika watu walirudi bondeni, wakajenga madungu upya, wakalima mpunga na mlau. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Si kwamba walikuwa wakaidi. Serikali iliihesabu nyumba ikasahau kulihesabu shamba.

Chumbi iko kusini mwa mto, katika barabara kuu iendayo Lindi. Zamani msafiri wa njia hiyo alitegemea kivuko cha Ndundu, na mto ulipojaa magari yalikwama siku nyingi. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Tangu hapo mpunga wa bondeni na samaki huweza kufika Dar es Salaam siku ile ile. Hivyo barabara imekuwa kama mto wa pili, nayo huvuta watu na maduka kando yake, kama zamani maji yalivyowavuta.

Wala mto wa kwanza haujanyamaza. Katika lile korongo la juu limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, la kutoa umeme wa megawati 2,115, na maji yakaanza kujazwa Desemba 2022. Mwezi wa Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa mno, maji yakafunguliwa kutoka bwawani, na mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zikafunikwa. Serikali ilisema ya kuwa bila bwawa gharika ingalikuwa mbaya zaidi. Wakulima wengi walilaumu maji yaliyofunguliwa. Yote mawili yatazamwe kwa haki. Lakini jambo moja ni dhahiri: tangu sasa gharika ya Rufiji haitoki mawinguni peke yake, bali hupita pia katika milango iliyo mikononi mwa watu. Kwa hiyo mkulima wa Chumbi ana haki ya kuambiwa mapema ni siku gani maji yatakuja na kwa kiasi gani, kama baba zake walivyojua kwa kutazama mto.

Hayo ndiyo mafundisho ya miji hii mitatu. Nyumba ya kulala watoto na ijengwe juu, mbali na mkondo, na shamba libaki bondeni, lenye tope. Lakini mtu asiyeujua mto asiamue peke yake wapi ni juu na wapi ni bondeni. Twawaomba ninyi wanafunzi mlioko Rufiji, nendeni kwa wazee wenu, mkawaulize maji yalifika mti gani mwaka 1968, na mkaandike katika madaftari yenu. Ramani ya namna hiyo haiuzwi dukani, na wenye kuijua wanapungua kila mwaka.