Sarajevo: jinsi nyumba ya kabla ya vita ilivyorudi kwa mwenyewe

Katikati ya Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, kuna bustani ya miti inayoitwa Veliki Park. Karibu yake kuna majengo ya ghorofa yaliyojengwa zamani. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala ikiuzwa huko leo, mnunuzi anauliza bei. Lakini nyuma ya bei kuna swali la zamani: nani alikuwa akiishi humo kabla ya vita?

Vita vilianza Aprili 1992. Sarajevo ulizingirwa karibu miaka minne, na miti mingi ya mji ikakatwa kuwa kuni. Katika nchi nzima, watu zaidi ya milioni mbili walihama makwao, karibu nusu ya wakaaji wote.

Wakati huo nyumba nyingi za mjini zilikuwa mali ya umma. Familia ilikuwa na haki ya kukaa humo maisha yote, lakini si kuuza. Watu walipokimbia, wakuu walitangaza kwamba nyumba zao zimeachwa, wakazigawia wengine. Wengi waliopewa walikuwa wahami pia, waliofukuzwa kwao.

Mkataba wa amani wa Dayton ulitiwa sahihi Desemba 1995. Ukurasa wake wa nyongeza namba 7 ulisema kila aliyekimbia ana haki ya kurudishiwa nyumba yake. Hata hivyo, upande wa Sarajevo sheria ilitoa siku 7 tu kwa aliyekuwa ndani ya nchi, na siku 15 kwa aliyekuwa ngambo, kurudi kudai makao yake. Mtu aliyekuwa kambini Ujerumani angefikaje? Wengi walipoteza haki yao kwa kukosa siku chache.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1998. Tangu 1999 kanuni ikawa moja kwa makabila yote: mwenye nyumba wa kabla ya vita anarudishiwa, na aliyeikalia anapewa muda wa kuhama. Asiye na pa kwenda alipaswa kutafutiwa makao na serikali. Baadhi ya wakuu waliozuia kazi hiyo walifukuzwa. Maombi yalizidi 200,000, na kufikia 2004 zaidi ya tisa kwa kila kumi yalikuwa yamemalizika.

Si wote waliorudi kuishi. Wengi waliuza au kubadilishana nyumba, kwa sababu majirani, kazi na shule za watoto vilikuwa mahali pengine. Lakini safari hii waliamua wenyewe.

Habari hii inagusa pia Maziwa Makuu. Desemba 2006, jijini Nairobi, nchi za eneo hili, Kongo ikiwemo, zilitia sahihi mapatano ya usalama na maendeleo. Ndani yake mna itifaki juu ya mali za watu wanaorudi makwao, na inawataja viongozi wa kimila na wa serikali kama wasaidizi wa kazi hiyo. Sarajevo inaonyesha kwamba sahihi peke yake haikutosha: ilibidi sheria mbaya ifutwe, na mwenye nyumba apeleke ombi. Kwa familia iliyo kambini leo, karatasi ya parseli na majina ya majirani wanaoijua mipaka ni vitu vya kutunza pamoja na vitambulisho vya watoto.