Mche Uliongojwa Miaka 14

Kila mkulima wa kahawa nchini Kenya anaijua Ruiru 11. Wachache wanajua kwamba aina hiyo ilichukua miaka 14 kupatikana, na kwamba katika muda huo wote familia za kutoka Gatundu hadi Gatanga ziliendelea kupalilia mikahawa ambayo matunda yake yalikuwa yakioza yangali mabichi. Mimi nilikuwa bwana shamba katika vilima hivyo vilivyo juu ya Thika. Serikali ilinilipa niingie katika mashamba ya watu waliokuwa wakipata hasara na kuwashawishi waendelee. Sasa nimestaafu, na kila ninapowasikia viongozi wakiwahimiza wananchi wawe na matumaini, nakumbuka jinsi matumaini yalivyotengenezwa katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru na ni nani aliyeyalipia.

Kahawa ya eneo hili la Thika ilianza ikiwa mali ya walowezi. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na karibu na wakati huo wazazi wa mwandishi Elspeth Huxley walikuja hapo kulima kahawa. Kitabu alichoandika kuhusu utoto wake, kilichotoka mwaka 1959, kilisambaza jina la Thika ulimwenguni. Mwafrika katika mashamba hayo alikuwa kibarua. Aliichuma kahawa kwa debe, akaibeba, akaianika na kuichambua chini ya macho ya nyapara, lakini hakuruhusiwa kuipanda kwake. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu. Huku Kiambu na Murang'a, wengi walingoja hadi miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ule wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Baba yangu alipanda miche yake ya kwanza katika kipindi hicho, Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa ukoloni, ikiwa bado haijaisha na watu wakiwa wamekusanywa katika vijiji vya kulazimishwa. Kwa hiyo mkahawa ulikuwa na uzito kwetu kuliko mimea mingine. Ulikuwa ushahidi kwamba kitu tulichokatazwa kimekuwa chetu. Uhuru ulipofika mwaka 1963, kahawa ndiyo iliyolipa karo, ndiyo iliyoezeka nyumba kwa mabati, na pesa zake zilishuka mpaka maduka ya Thika na viwanda vyake. Malipo ya sosaiti, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yakichelewa, hata fundi wa cherehani mjini alijua.

Ndipo ulipotuvamia ugonjwa wa chulebuni, ambao wakulima wengi wa Kenya huuita kwa herufi zake tatu tu, CBD. Ni ugonjwa wa kuvu. Ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, upande wa magharibi, kisha katika miaka iliyofuata ukavuka Bonde la Ufa na kuja kwetu. Hupenda baridi na mvua, ndiyo maana mashamba ya juu, yale ya wakulima wadogo, yaliumia kuliko mashamba makubwa ya tambarare ya Thika. Tunda la kijani hupata doa jeusi lililobonyea, doa huenea, tunda huanguka au hukauka likiwa limeng'ang'ania tawi. Mwaka 1968 mlipuko wake uliangamiza takriban nusu ya kahawa ya Kenya.

Dawa ilikuwapo, ile ya kopa inayonyunyiziwa kwa pampu ya mgongoni. Ilihitaji kurudiwa mara nyingi katika msimu, na kabla ya mvua, jambo lisilowezekana kwa mtu anayetegemea pampu moja ya kuazimana na majirani watano. Gharama ya kupambana na magonjwa ilifikia hata asilimia 30 ya gharama yote ya kulima kahawa. Sosaiti ziliwakopesha wakulima dawa, kisha zikakata deni katika malipo. Nimewaona wazee wakitia kidole gumba kwenye karatasi za malipo, na baada ya makato wakabaki na pesa za kununulia sukari na mafuta ya taa tu. Kuung'oa mkahawa nako hakukuwa hiari ya mtu, kwani sheria ya kahawa ilikataza kung'oa bila kibali.

Katika hali hiyo, mama mmoja wa Gatanga aliniuliza swali ambalo limekaa nami hadi leo. Tulikuwa tumesimama kati ya mistari ya mikahawa yake, amekamata kiganjani matunda meusi.

"Bwana shamba, hii dawa inatibu au inatufariji?"

"Inazuia, mama. Haitibu. Ruiru wanatafuta mche usioshikwa na ugonjwa huu."

"Wataupata lini?"

"Si mwaka huu, wala ujao. Huenda ikapita miaka kumi."

Alinyamaza kidogo, akayatupa yale matunda ndani ya karai. "Miaka kumi nitangoja. Sasa niambie kazi ya kufanya leo."

Nilimwambia. Pogoa matawi yaliyosongamana ili upepo upite na majani yakauke upesi. Ondoa matunda yote yaliyokauka juu ya mti, kwa sababu humo ndimo ugonjwa unamolala ukingoja mvua. Ukipata dawa kidogo, anza na sehemu ya shamba inayozaa vizuri. Kwa msimu ule alivuna kiasi cha kumwezesha kubakiza watoto wake shuleni. Kutoka kwake nilijifunza namna ya kusema na watu walio katika shida. Mtu mzima haogopi kuambiwa kwamba safari ni ndefu, mradi aambiwe pia hatua ya leo ni ipi.

Na huko Ruiru, kazi ilikuwa inaendelea kweli. Kituo cha utafiti wa kahawa kiliwekwa katika shamba la Jacaranda, nje kidogo ya mji, kwenye miaka ya 1940. Mwaka 1964 kilikabidhiwa Wakfu wa Utafiti wa Kahawa, na wakulima wakawa wanaugharimia kwa makato ya mauzo yao wenyewe. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Makato hayo yalitozwa hata kwa yule mama wa Gatanga, katika miaka ambayo kahawa yake ilikuwa ikimpa kidogo sana. Maskini wa vilima vile walilipia maabara.

Mpango wa kuzalisha aina mpya ulianza mwaka 1971. Majina mawili yanayotajwa zaidi ni H. A. M. van der Vossen, Mholanzi, na D. J. A. Walyaro, Mkenya. Tatizo lao lilikuwa kubwa kwa sababu chulebuni ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Brazil na Kolombia, zenye kahawa nyingi kutushinda, hazikuwa nao, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuazima jibu. Isitoshe, mkahawa huchukua karibu miaka mitatu kuzaa. Mtafiti akichanganya aina mbili leo, itambidi angoje miaka hiyo aone tunda, kisha angoje mvua na baridi aone kama tunda litaugua.

Walipata njia ya kuufupisha muda huo. Waligundua kwamba mche mchanga, ambao ndio kwanza umechomoza na kusimama kama kijiti cha kiberiti, ukipakwa vimelea vya ugonjwa huonyesha katika wiki chache kama mti wake utakuwa na kinga. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1976. Tangu hapo iliwezekana kupima maelfu ya miche kitaluni, kuitupa iliyooza na kubaki na ile michache iliyosimama.

Kinga yenyewe ilikusanywa kutoka mbali. Kulikuwa na Rume Sudan, kahawa ya mwitu kutoka nyanda za juu za Boma, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Kulikuwa na aina iitwayo K7. Kulikuwa na chotara aliyejiotea mwenyewe katika kisiwa cha Timor, na Catimor, mkahawa mfupi uliokuja kutoka Kolombia ukiwa na damu ya huyo chotara. Vyote hivyo vilichanganywa na SL28 na SL34, kahawa zetu zilizochaguliwa katika Maabara ya Scott kule Kabete na zilizoipa Kenya sifa ya ladha sokoni.

Kazi ya kuchanganya ilifanywa kwa mikono. Mkahawa wa arabika hujichavusha wenyewe, kwa hiyo ua la mti mama lazima liondolewe sehemu zake za kiume kabla halijafunguka, kisha lipakwe chavua ya mti baba na kufunikwa lisiingiliwe na chavua nyingine. Maua ya kahawa hudumu siku chache tu baada ya mvua. Katika siku hizo vibarua wa kituo, wengi wao wanawake, walisimama kwenye mistari wakiwa na vibano, ua baada ya ua, tangu alfajiri. Nilizoea kuwapeleka viongozi wa sosaiti kuwatazama. Mwenyekiti mmoja aliporudi kwenye mkutano wa wanachama hakutoa hotuba ndefu. Alisema ameiona miche, ameona ilivyo midogo, na ameona watu wakiitunza. Wanachama wakakubali kukopa dawa ya msimu mwingine.

Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Ni mti mfupi, unazaa mapema, na katika ekari moja unaweza kupanda takriban miche 1,000, ilhali SL28 haizidi sana 500. Kwa mwenye kipande kidogo cha ardhi, hilo lilikuwa jambo kubwa kama kinga yenyewe.

Sitaki kuisimulia historia hii kana kwamba iliishia kwenye sherehe. Kwa kuwa kila mbegu ilitoka katika ua lililochavushwa kwa mkono, mbegu hazikutosha, na wengi waliweka oda wakangoja tena miaka. Wanunuzi wakasema ladha yake haiifikii SL28. Mizizi yake mifupi iliisumbua katika ukame. Kisha, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa kwa nchi ulivunjika, bei zikaporomoka, na mavuno ya Kenya, yaliyokuwa yamekaribia tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, yakaanza kushuka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho. Wako waliopanda Ruiru 11 kwa furaha na miaka michache baadaye wakaiacha imezwe na magugu.

Ruiru ilijibu kwa kuendelea na kazi. Watafiti walirudi kwenye ukoo uleule, wakachagua miti mirefu yenye ladha iliyo karibu na SL28, na mwaka 2010 wakatoa Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Batian huzaa mbegu zinazofanana na mti mama, hivyo haihitaji kuchavushwa ua kwa ua. Aliye na mikahawa ya zamani naye anaweza kuikata na kuunga Ruiru 11 au Batian juu ya shina lake, akabaki na mizizi mirefu ya babu yake. Nimewaunganishia wengi, na naendelea kuwafundisha vijana bila malipo.

Leo mashamba mengi ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yamegeuka majumba. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, ardhi ikapanda bei, na Tatu City inajengwa palipokuwa na mistari ya mikahawa. Katika eneo la viwanda la Thika nako, vijana husimama langoni asubuhi wakitafuta kibarua, na wengi hurudi katika mitaa ya Makongeni au Kiandutu mikono mitupu. Hao ndio wanaoambiwa leo wawe na matumaini.

Nawaomba wanaowaambia hivyo waige historia iliyo jirani yao. Waliowaongoza wakulima wetu katika miaka ile migumu walisema muda wa kweli, walionyesha kazi iliyokuwa imeanza, na walimpa kila mtu shughuli ya kufanya akiwa anangoja. Anayeahidi kiwanda kipya kabla ya uchaguzi, bila kuonyesha hata msingi uliochimbwa, anawachosha watu, na ahadi ya pili haitasikilizwa hata ikiwa ya kweli. Na sisi wananchi tuwe tayari kugharimia, kama wakulima walivyokatwa pesa zao kwa ajili ya mche ambao wengine wao hawakuwahi kuuona.

Kituo cha Ruiru kiko palepale, sasa kikiwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na bado kinauza mbegu na miche. Mwenye shamba, hata dogo, aende akaulize.