Jina ndani ya kola: shati la shule Kindu na historia yake

Kila Septemba, masomo yanapofunguliwa Kindu, barabara za Kasuku na Mikelenge zinageuka rangi mbili: juu nyeupe, chini buluu. Ng'ambo ya Lualaba, Alunguli, ni vile vile. Iniforme moja inapendeza barabarani, lakini kwenye kamba ya kuanikia, ndani ya parseli yenye familia tatu, mashati kumi meupe yanaleta ugomvi. Kwa hiyo mama anageuza kola na kuandika jina la mtoto kwa biki. Biki inafutika baada ya kufuliwa mara tatu au nne. Mwenye subira anachukua sindano na uzi mwekundu.

Ataandika jina gani? Kwenye orodha ya mwalimu mtoto ana majina matatu, yaani jina, postnomu na prenomu, na mara nyingi analo la nne ambalo nyanya yake anamwitia. Kola ina nafasi ya moja tu. Na hayo matatu ya kwenye orodha hayakuja kwa siku moja.

Kuna Wakongo waliowekewa alama ya maandishi mwilini, na alama ile ilikuwa namba. Wakati wa Dola Huru ya mfalme Leopold II (1885–1908), katika eneo la kampuni ya ABIR, mbali na Maniema, wanaume walivalishwa shingoni kisahani cha chuma chenye namba, ili wakala ajue nani ameleta mpira na nani hakuleta. Jina la mtu halikuwa na kazi pale.

Jina la maandishi lilikuja na misheni. Wapadri Weupe walifika Kasongo mwaka 1903, na mwaka 1906 Dola ya Leopold ilitia sahihi mapatano na Vatikani: misheni zipewe ardhi, nazo zifundishe. Tangu hapo masomo yalibaki karibu yote mikononi mwa wamisionari, mpaka mwaka 1954, Waziri wa Makoloni Auguste Buisseret alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kongo.

Huko Ulaya walikotoka, kutia alama nguo za wanafunzi wa bweni lilikuwa jambo la kawaida. Ubelgiji na Ufaransa, wasichana walijifunza herufi kwa kuzishona kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa, na katika mabweni mengi nguo ilipewa namba ya mwanafunzi ili isipotee kwa dobi. Uingereza ilifanya biashara ya jambo hilo: kampuni ya J. & J. Cash ya Coventry, iliyoanza mwaka 1846 kwa kufuma utepe wa hariri, ikaja kujulikana kwa vipande vidogo vya utepe vyenye jina la mtoto, tayari kushonwa ndani ya nguo.

Kongo, jina lililoingia kwenye daftari la misheni lilikuwa la ubatizo: Jean, Joseph, Marie, Thérèse. Maniema hapo palikuwa na tatizo lake. Tangu karne ya 19, wakati wa Tippu Tip na misafara ya kutoka Zanzibar, Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji ya Waislamu, na mpaka leo Maniema ndiyo inayojulikana zaidi kwa Uislamu katika Kongo nzima. Watu waliitwa Ramazani, Shabani, Amisi, Salumu, Saidi. Kwa mzazi wa namna hiyo, kumpeleka mtoto kwa wapadri ilikuwa kumtoa akaitwe jina jingine, na wengi waliwabakiza watoto wao nyumbani. Ubaguzi ule uliwagharimu Waislamu wa Maniema miaka mingi: waliokosa shule walikosa pia kazi za karani, za ualimu na za serikali.

Halafu ukaja mwaka 1972. Nchi ilikuwa imeitwa Zaire tangu tarehe 27 Oktoba 1971. Januari iliyofuata Joseph-Désiré Mobutu aliacha jina lake la ubatizo akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakatakiwa kufanya hivyo. Siasa hiyo iliitwa otantisite, kurudi kwenye asili. Gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne liliikosoa, likafungiwa. Kardinali Joseph-Albert Malula aligombana na serikali, akaondoka kwenda Roma kwa miezi kadhaa. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa gereza.

Kwa wakubwa ilikuwa siasa. Kwa mtoto ilikuwa jambo la asubuhi moja darasani. Augustin Matata Ponyo, aliyezaliwa Kindu mwaka 1964 na kuwa Waziri Mkuu kuanzia 2012, alikuwa na miaka saba tu Januari ile. Watoto wa rika lake walikuwa ndiyo kwanza wamejua kuandika majina yao, na sasa mwalimu aliita majina mengine. Nguo iliyoshonwa Joseph haikumtaja tena mtu yeyote kwenye orodha. Nyumbani aliendelea kuwa Joseph, kimya kimya, na kanisani vile vile.

Pengo lililoachwa na prenomu lilijazwa na jina la mababu, na hilo ndilo lililokuja kuitwa postnomu. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ikachukua hata shule zenyewe na kufuta somo la dini. Haikuziweza. Mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yakarudisha uendeshaji kwa makanisa. Lakini majina hayakurudishwa, na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ikasisitiza kwamba jina litoke katika urithi wa utamaduni wa nchi.

Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyomaliza chama kimoja, watu walianza tena kujiita Jean na Marie hadharani. Hawakuitupa postnomu. Waliongeza la ubatizo mwishoni, na ndiyo maana orodha ya shule ina safu tatu. Jina kama la Emmanuel Ramazani Shadary, mwana wa Maniema aliyegombea urais mwaka 2018, linasomeka vizuri kwa mtu anayejua habari hii: misafara imo, misheni imo, Zaire imo.

Leo hatari iko kwenye herufi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba ni mtoto mmoja tu kati ya wanne wenye chini ya miaka mitano aliyekuwa ameandikishwa kwenye ofisi ya serikali. Na tangu shule za msingi za serikali zianze kutoa masomo bila malipo, Septemba 2019, wengi wameingia darasani bila cheti cha kuzaliwa. Mwalimu anaandika anavyosikia. Kola inasema Amisi, orodha inasema Hamisi. Mama anashona Asumani, mtihani wa mwisho wa darasa la sita unakuja na Assumani, na cheti kinafuata mtihani. Kusahihisha baadaye ni safari za ofisini na pesa.

Shati lenyewe halingoji. Mkubwa akikua linashuka kwa mdogo wake, mama anafumua uzi na kushona jingine. Kwa biki ni rahisi zaidi: jina la kaka linapigwa mstari, la mdogo linaandikwa chini yake. Kuna kola za Kindu zenye majina matatu, na ni la chini tu ambalo halijakatwa.