Dalili za virusi kwenye kompyuta na flashi: usiformati kwanza!

Swali ninaloulizwa sana ni hili: nitajuaje kama kompyuta ina virusi? Wengi jibu lao ni moja, ikiwa nzito basi ina virusi. Mimi nakataa. RAM ndogo, diski iliyojaa au iliyochoka, vumbi kwenye feni, vyote vinaleta uzito. Halafu kuna virusi ambavyo mashine inakimbia kama kawaida huku paswedi zako zinasafiri. Kwa hiyo tuangalie dalili zenye maana.

1. Flashi imejaa lakini haionyeshi kitu

Unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka shotikati, zile zenye kamshale pembeni. Au flashi yote inaonekana tupu. Jamani, usiformati! Bofya kulia kwenye flashi, fungua Properties. Kama nafasi iliyotumika ni ileile ya jana, kazi yako karibu yote ipo. Kirusi hakijafuta, kimeficha. Kinachotaka ni wewe ubofye ile shotikati. Ukibofya, kinaamka kwanza, halafu folda yako inafunguka kweli, ndio maana watu hawashtuki.

Enzi za Windows XP hata hiyo shotikati haikuhitajika. Kufungua flashi kwa kubofya mara mbili kulitosha, kwa sababu ya faili liitwalo autorun.inf. Windows 7 iliyotoka 2009 ilifunga huo mlango kwa flashi, na 2011 Microsoft wakatoa apdeti ya kuufunga kwenye XP na Vista. Sasa kirusi cha flashi kinategemea kidole chako.

2. Folda ambayo sio folda

Ina picha ya folda ya njano, lakini jina linaishia na .exe. Folda haina .exe hata siku moja, hiyo ni programu imevaa nguo za folda. Ili uone miisho ya majina, nenda View, weka tiki kwenye File name extensions.

3. Tovuti za antivirusi tu ndizo zinagoma

Nyingine zote zinafunguka, hizo na ya Microsoft hazifunguki, na antivirusi yenyewe imezimwa. Hapo shaka ni kubwa. Conficker, iliyoonekana Novemba 2008, ilifanya hivyo hivyo, na ilisambaa kwa mtandao na kwa flashi. Februari 2009 Microsoft walitangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia wenyewe wakamatwe.

4. Task Manager imefungwa

Nyumbani, hii ni dalili mbaya. Kwenye kafe, tulia kwanza: huenda mwenye kafe kaifunga mwenyewe ili watu wasichezee mashine. Muulize mhudumu.

5. Mafaili yamebadilika majina na kuna barua ya kudai hela

Hii ni dalili isiyo na ubishi. WannaCry ya Mei 2017 ilikuwa inaongeza .WNCRY kwenye majina ya mafaili na kudai dola 300 kwa Bitcoin. Apdeti ya kuizuia ilikuwa imetoka Machi mwaka huohuo. Usikimbilie kulipa, maana kulipa sio dhamana ya kurudishiwa. Angalia kwanza tovuti ya No More Ransom, wanatoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivi.

Na hii SIO dalili

Ukurasa unapiga kelele "kompyuta yako ina virusi 5, piga namba hii". Ukurasa wa tovuti hauwezi kukagua diski yako. Ni mtego. Usipige, usipakue. Funga brauza, ikigoma bonyeza Ctrl+Shift+Esc uifunge huko.

Mgonjwa ni nani, flashi au kompyuta?

Chukua flashi tupu isiyo na kitu cha maana, ichomeke, subiri kidogo, ifungue. Likitokea faili ambalo hukuliweka, kompyuta ndiyo mgonjwa. Hapo kusafisha flashi yako kwenye mashine hiyo ni kazi bure, itaambukizwa tena palepale. Na hiyo flashi ya majaribio usiipeleke kwingine kabla haijasafishwa.

Kurudisha kazi yako

Tafuta kompyuta nzima yenye antivirusi iliyo na apdeti. Microsoft Defender inakuja bure ndani ya Windows 10 na 11. Kagua flashi kabla ya kufungua chochote. Kisha fungua cmd, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo E badilisha iwe herufi ya flashi yako. Amri hii inaondoa ule ufichwaji tu. Folda zikitokea, futa shotikati zilizobaki, nakili kazi yako sehemu nyingine, kisha ndio uformati ukitaka.

Paswedi

Virusi vya kuiba paswedi havina dalili, vinakaa kimya. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya watu usiingie kwenye akaunti ya benki hata kama mashine inaonekana safi. Angalia pia Windows yake: 7 iliacha kupewa apdeti za usalama Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025. Marafiki wakisema wanapata meseji ambazo hukutuma, badilisha paswedi, lakini usiibadilishie kwenye mashine ileile unayoishuku. Utakuwa unamkabidhi mwizi ufunguo mpya. Tumia simu yako au kompyuta nyingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili.

Kama flashi yako imekumbwa na dalili ambayo sijaitaja, iandike hapo chini kwenye maoni, na useme ni Windows gani. Tusaidiane.