Blogu na Insha ya Mwanafunzi

Neno "weblog" lilibuniwa na Mmarekani Jorn Barger, Desemba 1997. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa mzaha, likabaki "blog". Nasi tukaliongezea irabu. Agosti mwaka huohuo ilizinduliwa huduma ya Blogger, na tangu hapo asiyejua kuunda tovuti akaweza kuchapisha fikra zake bila kumsubiri mhariri.

Kwetu Tanzania, jina la kukumbukwa ni Ndesanjo Macha, aliyeanzisha Jikomboe kwa Kiswahili wakati wengi wetu tukidhani intaneti ina lugha moja tu.

Mimi niliingiza blogu darasani kwa sababu ya ugonjwa mmoja wa vyuo vyetu: insha ya mwanafunzi husomwa na mtu mmoja, hutiwa alama, kisha huishia kufungia maandazi. Wanafunzi wangu walipojua kwamba wenzao watasoma na kuhoji, walianza kutaja vyanzo vyao bila kukumbushwa. Mabishano yakaendelea hata baada ya kipindi. (Si wote, wapo waliopata tu njia nyepesi zaidi ya kunakili.)

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikimtaka mwenye blogu awe na leseni. Ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, kwa jumla, shilingi 2,100,000. Niliona heri kuifunga blogu yetu kuliko kuwaingiza vijana matatani. Insha zikarudi kwenye karatasi, na msomaji wao nikabaki mimi peke yangu.