Ruponda: kambi na maziko ya kale ya wawindaji-wakusanyaji

Ruponda ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, katika ukanda wa miombo unaoziunganisha Nachingwea na Ruangwa, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wamwera na ambayo maji yake hutiririkia Mto Mbwemkuru upande wa kaskazini na Mto Lukuledi upande wa kusini. Kabla ya kuenea kwa wakulima waliojua kufua chuma, takriban miaka 2,000 iliyopita, kusini mwa Tanzania palikuwa nchi ya wawindaji-wakusanyaji, yaani watu walioishi kwa kuwinda wanyama, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi ya porini bila kulima wala kufuga. Akiolojia ya watu hao, ambayo ni elimu ya kuwachunguza wanadamu wa zamani kupitia vitu walivyoviacha ardhini, husimama juu ya nguzo mbili, kambi na kaburi, na katika nchi ya aina ya Ruponda nguzo hizo hazikupata bahati sawa: kambi huacha mawe, na mawe hudumu, kaburi huacha mifupa, na mifupa katika udongo huu huoza.

Kambi, au ago kama wasemavyo wasafiri na wawindaji, haikuwa kijiji. Ilikuwa makao ya familia chache kwa majuma au miezi kadhaa, karibu na maji wakati wa kiangazi na mbali zaidi wakati wa masika, na ilipohamwa iligeuka mahame yasiyo na ukuta wala msingi wa nyumba. Kinachobaki ni majivu, mkaa, mawe yaliyopasuliwa na moto na, zaidi ya yote, zana za mawe pamoja na takataka za kuzitengenezea. Katika sehemu kubwa ya bara la Tanzania zana hizo zilichongwa kwa kwatzi, jiwe jeupe lenye mng'ao wa kioo linalojitokeza kama mishipa ndani ya miamba ya zamani. Fundi aliliweka bonge la kwatzi juu ya fuawe la jiwe au alilishika mkononi, akaligonga kwa jiwe lingine gumu hadi likatoa vipande vyembamba vyenye makali, na kipande kilichofaa, pengine kisichozidi urefu wa ukucha, alikichonga mgongo upande mmoja ili kiweze kupachikwa kwa ulimbo kwenye mti wa mshale au mpini wa kisu. Vijizana hivyo vidogo ndivyo alama kuu ya Zama za Mawe za Mwisho, kipindi kilichoanza Afrika Mashariki zaidi ya miaka 40,000 iliyopita na ambacho sehemu nyingine kiliendelea hata baada ya kilimo kuingia. Asiyezoea hupita juu ya kwatzi iliyochongwa akidhani ni kokoto iliyovunjika yenyewe; anayejua hutafuta alama kama vile kibonge, yaani uvimbe mdogo ulio mahali pigo lilipotua, ambao mawe yanayoporomoka mlimani huutoa kwa nadra sana.

Chakula cha mimea hakiachi ushahidi mwepesi namna hiyo, na hapo ndipo maarifa ya wenyeji yanaposaidia kuliko vitabu. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara kina mama huingia msituni hadi leo kuchimba ming'oko, kiazi mwitu chembamba ambacho huchemshwa na kuliwa, na ambacho kimewavusha wengi miezi ya njaa. Muo wa mti uliochongwa ncha unatosha kwa kazi hiyo, lakini mti huoza, na mtaalamu aliyezoea kuhesabu mishale anaweza kuisahau kabisa nusu ya mlo wa kambi. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika pango la Ngalue mkoani Niassa, Msumbiji, mwanaakiolojia Julio Mercader alitangaza mwaka 2009 kuwa amekuta chembe za wanga wa mtama mwitu juu ya zana za mawe za hadi miaka 105,000. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba wanga huo si lazima uwe wa chakula kilichosagwa, ila mabishano hayo yenyewe yamefanya uchunguzi wa mimea uwe sehemu ya kawaida ya uchimbuaji.

Namna kambi inavyogeuka mahame imeshuhudiwa pia miongoni mwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambako watafiti James O'Connell, Kristen Hawkes na Nicholas Blurton Jones walichora ramani za kambi zenye watu ili kuona takataka huangukia wapi. Somo lililotoka huko ni kwamba watu wanaokaa mahali kwa muda hufagia. Mifupa na majivu hutupwa pembeni, hivyo rundo analolikuta mchimbaji si lazima liwe mahali watu walipokaa na kula. Vibanda vya matawi na nyasi, vinavyojengwa na wanawake kwa muda wa saa chache, havibakizi kitu baada ya mvua chache.

Kuhusu mifupa, wasomaji wa Lindi huuliza swali la haki: inakuwaje Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, kiliwapa Wajerumani kati ya 1909 na 1913 shehena kubwa ya mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150, ilhali mtu wa miaka 10,000 haonekani? Mifupa ya Tendaguru ilifunikwa mapema na matope na mchanga wa mito na pwani ya kale, madini yakaingia ndani yake hadi ikawa mawe. Mtu aliyezikwa kina cha mkono mmoja katika udongo mwekundu wenye tindikali, unaonyeshewa kila mwaka na kugeuzwa na mchwa na mizizi, hana bahati hiyo. Mifupa ya wawindaji huokoka mahali pakavu palipofunikwa na mwamba, au ndani ya mapango ya chokaa, ambayo hupunguza ukali wa tindikali. Jambo jingine ni jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 matingatinga ya mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Waingereza yalifyeka msitu wa Nachingwea, na mradi ulipovunjika mwaka 1951 ardhi ya juu katika maeneo hayo ilikuwa imekwisha kugeuzwa. Mahame ya wawindaji hulala juujuu, na hakuna aina ya mabaki inayoharibika upesi zaidi kwa kazi ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo maziko ya wawindaji wa kusini mwa Tanzania hueleweka zaidi kupitia Mlambalasi, takriban kilomita 50 kutoka Iringa mjini. Mahali hapo panajulikana kwa kaburi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na ambaye kiwiliwili chake kiko huko ilhali fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko Kalenga. Karibu na kaburi hilo kuna makazi ya mwamba, yaani nafasi iliyo chini ya jiwe kubwa lililotokeza kama upenu wa nyumba. Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alichimbua hapo mwaka 2002, na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliendelea mwaka 2006 na 2010. Chini ya tabaka za Zama za Chuma palitokea zana ndogo za kwatzi, shanga za ganda la yai la mbuni na mifupa ya watu. Mmoja wao, aliyechunguzwa na Elizabeth Sawchuk, alikuwa mtu wa makamo mwenye umbo dogo sana na meno yaliyoharibika kiasi cha kumtesa. Umri wa tabaka hizo ulipimwa kwa kaboni-14, njia inayokadiria miaka kwa kupima kaboni yenye mionzi iliyosalia katika mkaa au ganda, na majibu yaliangukia mwishoni mwa enzi ya barafu, kati ya miaka 20,000 na 12,000 iliyopita. Mtu huyo hakupelekwa makaburini mbali na watu. Alilazwa palepale palipokuwa na moto, mawe ya kuchonga na mabaki ya chakula, na vizazi vilivyofuata viliendelea kukaa juu yake.

Desturi hiyo ya kuwazika wafu ndani ya makao ni ya zamani kuliko Mlambalasi. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walifukua mwaka 2017, kwenye kina cha mita tatu hivi, shimo dogo lenye mifupa iliyolainika hata haikuweza kushikwa. Ilibidi bonge zima la udongo lifunikwe kwa plasta, lipelekwe Nairobi, kisha Burgos nchini Hispania, ambako ilibainika kuwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa Mei 2021, na mtoto huyo akapewa jina la Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mfupa wa bega na mbavu zilivyobanana huonyesha kuwa sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kwa kitu mithili ya sanda, labda majani au ngozi, na jinsi kichwa kilivyoinama baada ya kuoza huashiria kuwa kiliegemezwa juu ya mto uliokwisha kutoweka. Mkazi wa Lindi anayemlaza maiti wake ubavu wa kulia kumwelekeza kibla ataona mfanano, lakini ulalo huo peke yake hauthibitishi imani yoyote. Kinachothibitika ni kazi ya mikono: shimo lilichimbwa, mwili ukatayarishwa, udongo ukarudishwa. Hadi sasa hilo ndilo ziko la kale zaidi la binadamu wa leo lililothibitishwa barani Afrika, ingawa huko Israeli, katika mapango ya Qafzeh na Skhul, kuna mengine yanayolitangulia.

Si wafu wote walipata kaburi. Kwenye Mlima Hora, kaskazini mwa Malawi, ambako mwanaakiolojia J. Desmond Clark alikuta mifupa ya watu wawili mwaka 1950, uchimbuaji wa baadaye ulifichua mabaki ya rundo la kuni ambalo juu yake mwili wa mwanamke mtu mzima ulichomwa kiasi cha miaka 9,500 iliyopita. Kazi ya kuteketeza maiti hudai kuni nyingi kavu na watu wa kuuchochea moto kwa saa nyingi, jambo ambalo kundi dogo haliliingii bila makubaliano. Huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya watu 27 wa miaka 10,000 hivi yaliyotangazwa mwaka 2016 yalielezwa na wagunduzi wake kuwa ni ya watu waliouawa na kuachwa pasipo kuzikwa, maelezo ambayo baadhi ya wataalamu wameyatilia shaka.

Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi na Wahadzabe, aliandika mwaka 1982 kuhusu kifo katika jamii nne za wawindaji wa Afrika, wakiwemo Wahadzabe na Wambuti wa msitu wa Ituri. Alionyesha kwamba mahali ambapo watu hula kile wanachokipata siku hiyo na hawana mali ya kurithishana, mazishi huwa mepesi: shimo fupi, au kibanda kinachoangushwa juu ya maiti, kisha kambi inahama. Hoja yake hutumiwa kupita kiasi anaposomwa na mtu aliyeamua tangu awali kwamba wepesi wa kaburi ni wepesi wa huzuni, jambo ambalo Woodburn hakulisema na ambalo sanda ya Panga ya Saidi inalikanusha. Kwa akiolojia, faida ya hoja hiyo ni ya vitendo, kwani hueleza kwa nini maelfu ya vizazi yameacha makaburi machache.

Mifupa michache iliyookoka imezungumza kwa njia nyingine. Mwaka 2022 jopo la watafiti lilichapisha vinasaba vya wawindaji wa kale wa Tanzania, Malawi na Zambia, akiwemo mtu wa Mlambalasi na wa makazi ya mwamba ya Kisese II huko Kondoa. Iligundulika kwamba asili zao zilichanganya vizazi vya Afrika Mashariki, vya Kusini na vya misitu ya Kati, na kwamba baada ya miaka 20,000 hivi iliyopita makundi yalianza kuoana zaidi na majirani wa karibu. Shanga za mbuni nazo zinasimulia jambo linalofanana kwa enzi ya awali zaidi: kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita zilitengenezwa kwa mtindo mmoja kutoka Afrika Mashariki hadi Kusini, na baadaye mitindo ikatengana. Ukanda wa Ruvuma na Mbwemkuru uko kati ya pande hizo mbili.

Mabaki ya aina hii hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na kukataza kuchimbua bila kibali. Katika Ruangwa, ambako uchimbaji wa madini ya kinywe unazidi kupanuka, na katika mashamba mapya ya Nachingwea, anayekutana na mifupa, majivu mazito au kwatzi nyingi zilizochongwa hushauriwa aache kila kitu palipo na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe, kwa kuwa zana iliyookotwa na kuwekwa mfukoni hupoteza tabaka lake, na bila tabaka haiwezekani tena kujua umri wake wala kuihusisha na moto au kaburi lililokuwa kando yake.